Tola Moja Zaidi

Marehemu Sefu Bakari, fundi saa wa Ukunda, alikuwa na kanuni moja ambayo hakuiwekea udhuru: saa ya madini haifunguliwi kabla haijapimwa. Ikiletwa dukani huwekwa kwenye mizani mbele ya mwenyewe, na ikiondoka hupimwa tena. Mtu mmoja huweka mawe ya mizani, mwingine husoma. Anayeweka hasomi, na anayesoma hagusi mawe. Uzito huandikwa katika daftari la kazi kwa tola, kipimo cha masonara, pamoja na maelezo ya saa ilivyo siku hiyo. Kwa miaka hamsini hakuna mteja aliyewahi kudai kwamba fundi Sefu alimkwangulia fedha yake au kumbadilishia mfuniko.

Maimuna, bintiye, alirithi duka, mizani na madaftari kumi na mawili. Kanuni aliifuata nusu. Tangu baba yake afariki hakuwa na msomaji. Aliweka mawe mwenyewe, akasoma mwenyewe, na mbele ya uzito akaweka alama ndogo kuonyesha kwamba umesomwa na mtu mmoja. Lakini alipima. Katika miaka mitatu hakuacha kupima ila mara moja, Jumanne moja ya mwezi wa Juni.

Siku hiyo alikuja Lewis, mwenye duka la vito na saa za kifahari kwenye barabara ya ufukweni Diani. Lewis alitoka Nairobi miaka minane iliyopita, na karibu nusu ya saa zilizopita mezani pa Maimuna zilitoka kwake: saa za wageni wa hoteli na wenye majumba, zenye mikanda ya dhahabu na mashine zisizotaka mchezo. Pamoja naye alikuwa Amin, mdogo wake Maimuna, ambaye kwa miezi saba alikuwa dereva wa Lewis.

"Fundi, leo sijakuletea kazi," Lewis alisema. "Nimekuletea historia."

"Historia nayo ina skrubu. Iweke hapa."

Ilikuwa saa ya mfukoni ya fedha, ya Uswisi, ya miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini hivi kwa namba ya mashine yake. Juu ya mgongo wake palikuwa na mwezi mwandamo uliopangwa kwa almasi ndogo ishirini na nne. Lewis alieleza kwamba saa hiyo ilikuwa ya mwadhini wa msikiti mmoja wa Msambweni, aliyepewa zawadi na wafanyabiashara wa zamani, na kwamba yeye aliinunua kwa familia.

Maimuna alibana lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa nje, kisha wa ndani. Upande wa ndani wa mfuniko wa pili paliwekwa alama kwa ncha ya sindano: herufi ya Kiarabu ya sini, ya Sefu, na namba 217. Ilikuwa alama ya baba yake. Aliendelea kutazama. Gurudumu la kuwekea mishale halikuwa la kiwandani. Meno yake yalichongwa kwa tupa, moja moja, na moja lilikuwa jembamba kidogo kuliko mengine.

Alielewa kwa nini. Mwadhini wa zamani hakufuata saa ya redio. Kila siku jua lilipotua aliweka mishale yake kwenye kumi na mbili kamili, na kwa kuwa jua la pwani hutua mapema au kuchelewa kwa tofauti inayofika karibu nusu saa katika mwaka, mishale ilisogezwa kila magharibi, mwaka baada ya mwaka. Gurudumu la kwanza lililika. Baba yake akachonga jingine kwa mkono, akiwa kijana wa miaka ishirini na minane.

Hapo ndipo Maimuna alipokosea. Alikaa na lile gurudumu kwa dakika nyingi kuliko ilivyohitajika, na alipotoa lenzi jichoni hakuikumbuka mizani.

Lewis alikuwa na karatasi iliyokwisha pigwa chapa: "Ninathibitisha kwamba saa hii, pamoja na vito vyake, ndiyo iliyohudumiwa na marehemu fundi Sefu Bakari mwaka ..." Aliuliza mwaka. Maimuna akamwambia ni 1974, kwa kuwa namba zote za mia mbili zimo katika sehemu ya mwaka huo ya daftari la kwanza. Lewis akaujaza kwa kalamu. Maimuna akatia saini na kupiga muhuri wa duka.

Alasiri, wakati wa kuandika kazi za siku, alifika kwenye safu ya uzito akakuta hana cha kuandika. Aliiangalia ile nafasi tupu. Kisha akapanda kwenye kiti, akateremsha daftari la kwanza na kutafuta namba 217.

"Saa ya mfukoni, fedha. Ya Bwana Athman, mwadhini, Msambweni. Kuingia tola saba na robo tatu. Kutoka tola saba na robo tatu. Mgongo laini, hauna nakshi wala kito. Gurudumu la mishale limelika; nimechonga jipya. Msomaji: mke wangu."

Aliyasoma mara mbili, kama alivyofundishwa. Alama ilikuwa ya kweli. Gurudumu lilikuwa la kweli. Karatasi aliyoitia saini ilikuwa ya uongo.

Alimpigia simu Amin, naye akaja kabla ya magharibi, akaegemea mlango bila kuingia ndani.

"Saa ile inakwenda wapi?" Maimuna aliuliza.

"Salamu kwanza, dada."

"Nimekusalimu asubuhi. Inakwenda wapi?"

"Kwa Daktari Kadzo, yule wa Kinango aliyestaafu. Anamnunulia mumewe, wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Anaichukua Jumamosi saa nne." Amin alisita. "Mama yule alikuwa Sierra Leone wakati wa vita, kwenye hospitali. Aliposikia almasi, alimwambia Lewis hataki hata kuiona, mpaka ajue ni ya kabla ya vita vile vilivyolipiwa kwa almasi. Lewis akamwambia anayo ya karibu miaka mia, na fundi wa kuithibitisha yupo."

"Fundi ni mimi."

"Nani mwingine? Mimi ndiye niliyemwambia kuhusu alama za baba. Niliona nakuletea heshima."

Maimuna akamgeuzia daftari. Amin alisoma akiwa amesimama. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na hati ya baba yake aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Hakuna kito," Maimuna alisema.

"Naona."

"Ulijua?"

"Nilijua mgongo ulipelekwa Nairobi. Nikadhani ni kusafishwa." Alilifunga daftari taratibu. "Sikiliza, dada. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kile cheti cha kimataifa cha kuonyesha kwamba almasi si ya vita ni cha almasi ghafi. Ikishachongwa na kung'arishwa hakuna anayeidai cheti. Lewis amenieleza."

"Amekueleza kweli. Ndiyo maana hatafuti cheti, anatafuta umri. Almasi mpya haina shida na sheria, ina shida na Daktari Kadzo. Umri ameupata kwangu kwa muhuri mmoja."

"Kwani wewe unajua zimetoka wapi? Pengine zimetoka mahali pazuri tu."

"Pengine. Basi aseme ni wapi."

"Umeshapiga muhuri."

"Ndiyo. Na Jumamosi nitauondoa."

Amin alitazama barabara. Alisema kwamba kabla ya kazi hii alikaa miaka miwili akisaidia watu kuegesha magari, na kwamba mtu anayemwaibisha tajiri mbele ya mnunuzi haachi nduguye kazini. Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha. Maimuna hakubishana naye, maana yote yalikuwa kweli.

Usiku ule alijipinga mwenyewe, kwa kuwa alijua Lewis angempinga hivyohivyo. Daftari lilithibitisha kwamba mwaka 1974 almasi hazikuwapo. Halikusema lolote kuhusu miaka iliyofuata. Huenda mwadhini alizitia mwenyewe mwaka uliofuata. Huenda wanawe walizitia. Kauli ya "hazikuwapo siku ile" haikuwa sawa na "zimetiwa juzi", na hakuwa tayari kukosea mara ya pili kwa upande wa pili. Alhamisi alifunga duka akaenda Msambweni.

Abdulwahab bin Athman, mtoto wa mwadhini, alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki karibu na njia ya kuingilia hospitali. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mnyororo au plagi?"

"Saa. Mimi ni Maimuna binti Sefu Bakari."

"Sefu wa saa?" Alivua miwani ya machoni, akateremsha ile ya juu. "Basi kaa. Baba yako alikuwa na duka hapo mbele kabla hajahamia Ukunda kufuata hoteli. Mungu amrehemu. Alinipiga kofi mara moja kwa kugusa mizani yake."

"Nami pia."

"Basi sote tumefundishwa."

Maimuna alimuuliza kuhusu saa. Abdulwahab alisema aliiuza mwaka jana kwa bwana mmoja wa Diani. Tangu baba yake afariki, mwaka tisini na moja, ilikuwa ndani ya kijaluba kabatini, imefungwa kitambaa, na haikutoka isipokuwa siku za Idi, watoto wakiomba kuisikiliza.

"Na mwezi wa almasi?"

"Mwezi wa nini?"

"Nyuma ya saa. Almasi ishirini na nne, mwezi mwandamo."

Abdulwahab alimwangalia, kisha akamwangalia kijana aliyekuwa akisubiri boliti, kana kwamba anataka shahidi.

"Binti yangu, ningekuwa na almasi ishirini na nne kabatini, mimi ningekuwa nimekaa hapa nahesabu boliti? Nyuma ilikuwa laini kama sahani. Baba akiitumia kujitazamia ndevu siku ya Ijumaa."

"Unaweza kuniandikia hayo? Sentensi moja."

"Kuandika siandiki. Nina kesi ya kiwanja mwaka wa tisa huu. Kila karatasi niliyowahi kutia saini imenirudia. Kusema nitasema. Chukua namba yangu. Anayetaka kusikia na apige, usiku na mchana." Akaongeza, sauti ikiwa chini, "Kwa hiyo watu watasema mwadhini Athman alikuwa akitembea na almasi, na mbele ya msikiti palikaa maskini."

Hilo Maimuna hakuwa amelifikiria. Alilichukua pamoja na namba ya simu.

Jumamosi, robo saa kabla ya saa nne, aliingia dukani kwa Lewis akiwa na mfuko wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na daftari la kwanza, mizani ya visahani viwili na kisanduku cha mawe. Daktari Kadzo alikuwa amekwisha fika. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele fupi nyeupe, na saa ya mwadhini ilikuwa mbele yake juu ya kitambaa cheusi. Amin alisimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi.

"Shikamoo, daktari," Maimuna alisema. "Mimi ndiye fundi niliyetia saini ile karatasi. Nimekuja kuisahihisha."

"Marahaba. Kuisahihisha vipi?"

Lewis alizunguka kaunta haraka. "Fundi, karibu. Twende ofisini kwanza, tuongee kidogo."

"Hapa panatosha. Kwetu saa hupimwa mbele ya mwenyewe. Hii sikuipima Jumanne. Naomba ruhusa niipime sasa."

"Hiyo ni mizani ya zama gani?" Lewis alicheka kidogo, akimgeukia mnunuzi. "Hawa mafundi wetu wana mambo yao."

"Na aipime," Daktari Kadzo alisema. "Sijaona ubaya wa kupima."

Maimuna aliisimika mizani juu ya kioo, akasubiri visahani vitulie. Aliweka saa upande mmoja. Alianza na mawe ya tola moja moja, kisha ya nusu, kisha ya robo. Visahani vikalingana. Akaondoa mikono.

"Nahitaji msomaji," alisema.

"Nisome mimi?"

"Ahsante, daktari, lakini anayesoma lazima ayajue mawe haya. Waliofundishwa wakabaki hai ni wawili, na mmoja ndiye aliyeyaweka."

Hakumtazama Amin. Alitazama visahani.

"Amin," Lewis alisema, "hebu kaoshe gari."

Amin akaja kwenye kaunta, akaweka funguo juu ya kioo, akaweka mikono nyuma ya mgongo kama alivyofundishwa utotoni ili asiguse, na kuinama. Alihesabu kimya kwanza. Midomo yake ilisogea.

"Tola nane," alisema. "Na robo tatu."

"Rudia."

"Tola nane na robo tatu."

Maimuna alifungua daftari kwenye namba 217, akaliweka mbele ya Daktari Kadzo, kidole chake chini ya mstari. Daktari alisoma polepole mpaka mwisho, mpaka kwenye jina la msomaji.

"Hapa ni saba na robo tatu."

"Ndiyo. Imezidi tola moja, karibu gramu kumi na mbili. Almasi ndogo kama hizi, zote ishirini na nne, hazifiki hata nusu gramu. Kilichozidi ni fedha. Ili uzamishe vito unahitaji mgongo mnene, kwa hiyo mgongo huu si ule wa zamani. Mashine ni ileile. Mfuniko wa ndani ni uleule, na alama ya baba yangu ni ya kweli. Nilipoiona nilithibitisha vyote. Sikupaswa kuthibitisha vyote."

"Mzee anaweza kukosea," Lewis alisema. "Ni miaka hamsini iliyopita. Au familia walizitia baadaye."

"Baba alipima mara mbili, kuingia na kutoka, na aliyesoma hakuwa yeye. Kuhusu familia, nimemuuliza mtoto wa mwadhini juzi. Anasema alikuuzia ikiwa laini kama sahani. Hii hapa namba yake, anapokea."

Aliweka kipande cha karatasi juu ya kioo. Daktari Kadzo hakukichukua. Alimtazama Lewis kwa muda mrefu, kama anayemsubiri mgonjwa aseme ukweli kuhusu dawa ambazo hakuzinywa. Lewis hakukichukua pia.

"Hizi almasi ni za damu?" daktari alimuuliza Maimuna.

"Sijui."

"Unafikiri nini?"

"Mimi si mtu wa almasi, na ninachofikiri hakina uzito hapa. Najua kwamba mwaka 1974 hazikuwapo na mwaka jana hazikuwapo. Zilitoka wapi, anayejua ni aliyezitia."

"Ziko ndani ya sheria," Lewis alisema. "Asilimia mia. Zimechongwa, zimeingia nchini vizuri. Nilizinunua kwa mtu ninayemwamini."

"Jina lake?"

"Daktari, kwenye biashara hii majina hayatajwi hivihivi."

"Kule nilikokuwa pia hayakutajwa," Daktari Kadzo alisema. Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilifunga vidonda vya mikono iliyokatwa miaka minne mfululizo. Hakuna hata mmoja aliyejua jina la mtu aliyeuza almasi." Alifungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha ile karatasi yenye muhuri wa duka la Sefu. "Hii ni yako."

Maimuna hakuichana. Aliilaza juu ya kioo, akapiga mstari mmoja juu ya maneno "pamoja na vito vyake", mstari mwembamba, ili maneno yaendelee kusomeka. Chini yake akaandika: "Saa haikupimwa nilipoandika haya. Imepimwa leo, tola nane na robo tatu. Mgongo na almasi si vya saa hii." Akaweka tarehe na saini.

"Ungeichana tu," daktari alisema.

"Nikiichana itakuwa kama sikukosea. Nilikosea."

Daktari Kadzo alirudisha karatasi kwenye bahasha, na bahasha mkobani. Alimpa Lewis mkono, kwa adabu, akatoka. Saa ya mwadhini ilibaki kwenye kisahani cha mizani mpaka Maimuna alipoiondoa na kuirudisha kwenye kitambaa cheusi, mgongo ukiwa chini.

Lewis hakupaza sauti. Alisema saa za wageni hazitaletwa tena Ukunda, kuna fundi Mombasa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua funguo zilizokuwa juu ya kioo na kuzitia mfukoni mwake.

Walitembea kwa miguu mpaka barabara kuu. Amin alibeba mizani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzito.

"Ungenionya kwamba utaniita," alisema.

"Ningekuonya ungejiandaa. Msomaji hajiandai."

"Hayo ni maneno ya baba."

"Ya mama. Ndiye aliyekuwa akisoma."

Walivuka. Amin alihamisha kisanduku cha mawe kwenye mkono wa pili. "Na nikiwa msomaji wako, saa za kupima ziko wapi sasa? Nusu zilikuwa za Lewis."

"Kuna ya Mwalimu Karisa, imesimama tangu Aprili. Kuna mbili za mabaharia. Kuna ile kubwa ya ukutani ya kanisa la kina Mramba."

"Ya ukutani utaipima kwa hizi tola?"

"Ya ukutani haipimwi. Jumatatu saa mbili, Amin. Si saa mbili na nusu."

Alasiri hiyohiyo, kabla ya kufunga duka, Maimuna alifungua daftari la kumi na mbili kwenye ukurasa wa Jumanne. Safu ya uzito ilikuwa bado tupu. Aliandika ndani yake: "Tola nane na robo tatu. Haikupimwa siku ya kuingia. Kosa ni langu." Alipofika mwisho wa mstari, mahali ambapo kwa miaka mitatu aliweka ile alama ndogo, hakuiweka. Aliandika: "Msomaji: Amin Sefu," akasubiri wino ukauke, akalifunga.